Umehamia kompyuta mpya na programu zinadai leseni? Anza hapa kabla hujampigia fundi

Mada ya leo haina mvuto kama kupiga picha za bidhaa, lakini siku ikikukuta utatukumbuka. Umenunua kompyuta mpya, au imeshatumika lakini kwako ni mpya. Umehamisha mafaili yote kwa flashi. Unafungua Excel yenye oda za wateja, inafunguka vizuri, majina yote yapo. Unataka kuandika "amelipa" kwa mteja wa Mbeya. Haiandiki. Ukiangalia juu kabisa, pembeni ya jina la faili pameandikwa "Unlicensed Product". Mzigo wa basi la alfajiri unakusubiri ufungwe na orodha ndiyo hiyo imegoma.

Maswali ya aina hii yameongezeka, na sababu inajulikana. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10, pamoja na Office 2016 na Office 2019. Wengi wanahama, na kwenye kuhama ndiko leseni zinakosemea ukweli wake.

Tulia kwanza. Data zako hazijaguswa. Office isiyo na leseni inakuruhusu kusoma na kuprinti, inachokuzuia ni kuandika na kuhifadhi. Windows isiyo na leseni nayo ni tofauti na watu wanavyodhani: itakuwekea maandishi ya kijivu pembeni chini, itakukatalia kubadilisha picha ya nyuma, ila kazi zinaendelea. Kwa hiyo kama usiku huu una oda za kufunga, achana na Windows. Shughulikia Excel. Na kama Excel haitapona leo, ingia office.com kwa akaunti ya bure, pandisha faili lako, uandike humo humo kwenye kivinjari. Google Sheets na LibreOffice nazo zinalifungua faili la Excel bila shilingi. Mteja hajui umeandikia wapi, anachotaka ni mzigo.

Mzigo ukishaondoka, rudi tuelewane.

Ukinunua programu hununui programu yenyewe, unanunua ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hiyo lazima ifungwe mahali, na shida zote za kuhama zinategemea ilifungwa wapi. Kuna iliyofungwa kwenye chuma, yaani ule ubao mkuu ndani ya mashine ambao mafundi wanauita mazabodi. Kuna iliyofungwa kwenye namba, ile ya herufi na tarakimu 25 iliyokuja kwenye kadi au imeli. Na kuna iliyofungwa kwenye akaunti yako, yaani barua pepe na neno la siri. Ya akaunti inahama kirahisi kabisa. Ya namba inahama kwa masharti. Ya kwenye chuma haihami, hata umlipe nani.

Ndiyo maana jibu la swali la "je, naweza kuhamisha Windows yangu" haliwezi kuwa moja. Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani ni mali ya kompyuta ile. Ikifa, inakufa nayo. Ukiiuza, inaenda na mnunuzi. Wengi wanaumia hapa kwa sababu wanadhani walilipia Windows kivyake, kumbe ilikuwa ndani ya bei ya mashine. Habari njema ni kwamba kanuni hiyo hiyo inakusaidia upande wa pili: mashine nyingi zilizotengenezwa kuanzia enzi za Windows 8 zina namba ya leseni ndani ya chuma chenyewe. Kompyuta "mpya" uliyonunua Kariakoo, iliyotumika ofisini Uingereza au Dubai, inaweza kuwa tayari na leseni yake halali na wewe huna haja ya kuhamisha chochote.

Kujua uko upande gani ni dakika mbili. Fungua sehemu ya kutafuta, andika cmd, kisha kwenye dirisha jeusi andika slmgr /dli halafu bonyeza "Enter". Kitatokea kibao kidogo. Angalia mstari wa "Description". Ukiona neno OEM, hiyo ni ya chuma. Ukiona RETAIL, ni ya kununuliwa dukani au mtandaoni, na hii unaweza kuihamishia mashine nyingine moja mradi uiondoe kwenye ya kwanza. Ukiona VOLUME, simama hapo hapo, tutaiongelea chini kwa sababu ndiyo inayoliza watu.

Kuna mtego mmoja kwenye RETAIL. Kibao kile kinaonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo. Zikiwa 3V66T kwa Windows Pro au 8HVX7 kwa Windows Home, huo si ufunguo wako binafsi. Ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya mashine zinao, na haki yako halisi imeandikwa kwa Microsoft kama leseni ya kidijitali. Usihangaike kuunakili na kwenda kuuandika kwenye mashine mpya, hautakuamilishia kitu.

SASA WINDOWS INAYOGOMA

Kabla ya lolote angalia saa. Sicheki. Mashine zilizokaa stoo muda mrefu betri yake ndogo ya saa inakufa, ukiwasha inakuambia uko miaka mingi nyuma. Seva ya leseni ikiona tarehe haiendani inakataa, na tovuti nyingi nazo zitagoma kufunguka. Nenda kwenye mipangilio ya tarehe, chagua kanda ya saa iliyoandikwa Nairobi, ambayo ndiyo saa yetu ya Afrika Mashariki, kisha ruhusu saa ijipange yenyewe. Zima VPN kama unatumia. Jaribu tena. Kuna watu wameshalipa elfu thelathini kwa kazi hii tu.

Ikiendelea kugoma, fungua "Settings", halafu "System", halafu "Activation". Kwenye Windows 10 utaikuta ndani ya "Update & Security". Hapo kuna vitu viwili vya kusoma: aina ya Windows, na namba ya kosa.

Aina ndiyo muhimu zaidi. Kama mashine ya zamani ilikuwa Pro na mpya ni Home, ufunguo wa Pro hautaamilisha Home kama ilivyo, na wa Home hauwezi kuamilisha Pro. Hii inatokea sana fundi akishafomati, kwa sababu mafundi wengi wanapenda kumwekea kila mtu Pro. Mashine ilitoka kiwandani na leseni ya Home ndani ya chuma, fundi kaweka Pro, na leseni halali imelala pale haitumiki. Dawa si kununua leseni. Dawa ni kumwambia arudishe Home, uunganishe intaneti, na mara nyingi itajiamilisha yenyewe. Kwa muuza nguo au vipodozi mtandaoni, Home inatosha kabisa.

Namba ya kosa nayo inasema. 0xC004F211 maana yake Windows imeona vyuma vimebadilika. 0xC004C008 maana yake ufunguo umeshatumika kwenye mashine nyingine kupita kiwango. 0xC004F074 maana yake inatafuta seva ya leseni ya kampuni na haioni, na hapo rudi kwenye lile neno VOLUME.

Kwa kosa la vyuma kubadilika, mfano fundi alibadilisha mazabodi ya mashine yako ile ile, bonyeza "Troubleshoot" hapo hapo kwenye "Activation", kisha chagua "I changed hardware on this device recently". Itakuomba uingie kwa akaunti ya Microsoft, itakuonyesha orodha ya mashine zako, unachagua ile. Njia hii inafanya kazi kama tu leseni ilikuwa imeunganishwa na akaunti hiyo kabla ya mabadiliko. Kwa hiyo ukiwa unasoma hapa na mashine yako bado nzima, fungua ukurasa huo leo. Yakiwepo maneno yanayosema leseni imeunganishwa na akaunti yako ya Microsoft, uko salama. Yasipokuwepo, ingia kwa akaunti yako sasa hivi.

Kwa ufunguo uliotumika kupita kiwango, uende mashine ya zamani uutoe. Fungua cmd kwa ruhusa ya msimamizi, bonyeza kulia uchague "Run as administrator", andika slmgr /upk, kisha slmgr /cpky ili usibaki umejificha ndani ya mfumo. Nakili ufunguo wako mahali kabla hujafanya hivyo! Halafu kwenye mashine mpya nenda "Change product key" uuandike. Ukikataa bado, wasiliana na huduma kwa wateja ya Microsoft ukiwa na ushahidi wa ununuzi, ueleze kwamba umehama na ya zamani umeiondoa.

Na kama una stika ya Windows 7 chini ya mashine ukidhani itakuokoa, sahau. Tangu Septemba 2023 Microsoft walifunga mlango wa kutumia funguo za Windows 7 na 8 kuamilisha Windows 10 au 11.

OFFICE NDIYO YENYE KELELE

Kisa cha kwanza kwa wingi, na naweza kusema ndicho kinachokula muda wa watu wengi bure, ni akaunti mbili. Siku ulipoinunua Office ulitumia imeli fulani, labda ya mdogo wako, labda ile ya zamani ya jina la utani. Leo kwenye mashine mpya umeingia kwa imeli ya biashara. Office inatafuta leseni kwenye akaunti isiyo na kitu, inakuambia hujanunua. Watu wanaenda kununua tena!

Fungua Word au Excel, nenda "File", kisha "Account". Utaona jina la aliyeingia. Toka, ingia kwa imeli zako zote moja moja kwenye account.microsoft.com, sehemu ya "Services & subscriptions", uone ipi ina Office ndani. Kumbuka akaunti ya Microsoft si lazima iwe ya Outlook au Hotmail, hata Gmail inaweza kuwa imesajiliwa kama akaunti ya Microsoft. Tafuta kwenye sanduku la imeli zako maneno "Microsoft" na "order" uone risiti ilitumwa wapi.

Cha pili ni ile namba 25 ya kwenye kadi. Ukishaiingiza mara ya kwanza inamezwa na akaunti yako, na kuanzia hapo kazi yake imeisha. Ukiiandika tena kwenye mashine mpya itakujibu kwamba imeshatumika, na wewe utaona umetapeliwa. Hujatapeliwa. Ingia kwenye akaunti, bonyeza "Install", maliza.

Cha tatu, mashine nyingi zinakuja na Office ya majaribio ndani yake. Wewe unaweka yako juu yake, zinagombana, na ile ya majaribio muda wake ukiisha inakudai hela ingawa ya kwako ni nzima. Ondoa kila Office iliyopo kwanza, washa mashine upya, ndipo uweke ya kwako.

Sasa idadi. Microsoft 365 Personal ni ya mtu mmoja, unaweza kuwa umeingia kwenye vifaa vitano kwa wakati mmoja. Ukizidisha, ondoka kwenye cha zamani kupitia ule ukurasa wa akaunti, hata kama kifaa chenyewe huna mkononi. Family inagawiwa watu hadi sita. Office ya kununua mara moja, mfano Office 2021, ni ya kompyuta moja. Ukiwa uliinunua kivyake, masharti yanakuruhusu kuihamishia kompyuta yako nyingine, lakini si zaidi ya mara moja kila siku 90, isipokuwa mashine imeharibika. Iliyokuja ndani ya mashine kutoka kiwandani inabaki na mashine hiyo, kama Windows.

Hapa nitoe maoni yangu. Kama kazi yako ni orodha ya oda na hesabu ya faida, huhitaji Office ya kulipia. Google Sheets inakupeleka mbali, na siku kompyuta ikiibiwa unafungua kwenye simu unaendelea. Lipia Office kama wateja wako ni makampuni wanaotaka makadirio ya bei kwa Word, au una mafaili ya Excel yenye fomula nzito.

NYINGINE KWA HARAKA

Programu za Adobe, Photoshop na wenzake, leseni ya mtu binafsi inakubali kuingia kwenye kompyuta mbili. Ukiingia kwenye ya tatu inakuuliza uitoe ipi, unachagua, imekwisha. Canva inakaa kwenye akaunti, haina habari na kompyuta. Antivirusi ya kulipia inahesabu vifaa, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yake uondoe mashine ya zamani ndipo uweke mpya.

Tally inahitaji adabu zaidi. Wenye duka na ghala mnaoitumia, leseni lazima irudishwe kutoka mashine ya zamani kabla hujaenda mpya. Ndani ya TallyPrime bonyeza F1, kisha "Settings", kisha "License", kisha "Surrender". Uwe na intaneti na ile imeli iliyosajiliwa kama msimamizi. Na kurudisha leseni hakuhamishi vitabu vyako vya hesabu, hivyo fanya bakapu kivyake kwanza. Mashine ikiwa imeshakufa, mpigie wakala aliyekuuzia ukiwa na namba ya leseni yako.

LILE NENO "VOLUME"

Unaona tangazo: Windows na Office ya maisha, elfu ishirini, tunaweka kwa mbali. Unalipa, inakubali, unafurahi. Miezi sita inapita, mashine inaanza kudai. Si bahati mbaya. Leseni za VOLUME zinauzwa kwa taasisi, na aina moja inaamilishwa na seva iliyo ndani ya taasisi hiyo. Uhai wake ni siku 180, na kila mara mashine inatakiwa iikute ile seva ijisajili upya. Wewe huko kwenye taasisi hiyo. Muuzaji alikuwekea kitu kisicho chako na yeye hakiwezi kuwa chake kukuuzia. Mashine nyingi zilizotoka maofisini nazo zinakuja na aina hii, kwa hiyo fanya ile slmgr /dli dukani kabla hujatoa hela, muuzaji akikataa usome kibao, jibu umepata.

Halafu kuna zile programu za kupasua leseni. Sitahubiri, ingawa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta. Nitakuambia hasara ya kibiashara tu. Kitu cha kwanza zinachokuomba ni uzime antivirusi. Mwezi Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary ilieleza jinsi faili bandia za KMSPico, moja ya programu maarufu za kupasua, zilivyokuwa zimebeba kirusi kiitwacho CryptBot. Kazi yake ni kukomba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari pamoja na zile alama zinazokuweka ukiwa umeingia. Sasa fikiria kivinjari chako kina nini. Ukurasa wako wa Instagram wenye wafuasi uliowatafuta miaka minne. Akaunti ya matangazo yenye kadi ya benki. Imeli inayopokea namba za uthibitisho. Mtu akizipata zile alama anaweza kuingia kama wewe bila hata kuulizwa neno la siri, kisha anatangaza ofa ya uongo kwa wateja wako, wanalipa kwenye namba yake. Linganisha na bei ya leseni, au na Google Sheets ambayo ni bure.

Kama fundi alishakuwekea, usiishie kuifuta. Hifadhi mafaili, fomati mashine, weka Windows inayolingana na leseni ya chuma, kisha badilisha maneno ya siri ukitumia kifaa kingine na uchague kutoka kwenye vifaa vyote.

KABLA HUJAUZA YA ZAMANI

Hii ndiyo siku ambayo kila kitu kinahama bila shida, maana mashine zote mbili unazo. Toka kwenye Office, Adobe na antivirusi. Rudisha Tally. Toa ufunguo wa Windows kama ni RETAIL, kama ni OEM uuache kwa mnunuzi. Usimruhusu fundi akunakilie diski nzima kuipeleka mashine mpya akidai ndiyo njia ya haraka, kwa sababu leseni zilizofungwa kwenye chuma zitaona chuma si kile na zitagoma kwa pamoja. Hamisha mafaili tu, programu ziwekwe upya.

Na kwenye kununua ijayo, dai risiti ya EFD iliyotaja leseni kwa jina, mfano "Office 2021, kompyuta 1". Risiti ya "laptop moja" haikusaidii kitu ukienda kwa huduma kwa wateja kudai haki yako. Piga picha risiti na kadi, jitumie kwa imeli.

Ukikwama na unataka tukusaidie, tuandikie vitu vinne: programu gani, uliinunua wapi na lini, mstari wa "Description", na namba ya kosa kama ilivyo. Picha ya kioo inatosha. Ila ufunguo wenyewe uzibe kwa kidole au rangi kabla hujatuma, kuna watu wanazunguka kwenye kurasa kama hizi kuziokota.